Uliza Kwenye Nakala, Mwanangu

*Mzee, nafanya kazi katika kiwanda kidogo cha jibini huku milimani Masisi. Mimi ndiye ninayeshika kompyuta yenye programu ya kupanga uzalishaji. Siku moja nilitaka kuona itakuwaje barabara ya Sake ikifungwa siku kumi. Nikazuia safari za mzigo, nikabonyeza programu ipange upya, ikapunguza maziwa ya kupokea kwa nusu. Nikaitwa nje, nikasahau kurudisha. Jioni ile ile wafugaji wakapata ujumbe kwenye simu kwamba tutapokea nusu tu. Siku tatu zikapita kabla sijagundua. Patroni anasema mashine imekosea, turudi kwenye daftari. Mimi nimenyamaza. Nifanye nini? — F.B., Masisi*

F.B., mwanangu,

Pole. Nimesoma barua yako mara mbili, na sikuona mahali ulipotaka kumdhuru mtu. Ulitaka kujua kesho itakuwaje kabla haijafika, na kwa Masisi yetu hiyo ni akili. Wengi huanza kuuliza barabara ikifungwa itakuwaje siku ambayo imeshafungwa.

Hasara ni ya nani

Lakini tuhesabu pamoja. Umeniandikia kwamba kwa siku tatu lita 400 kila siku hazikupokelewa. Hizo ni lita 1,200. Kilo moja ya jibini hula kama lita kumi za maziwa, kwa hiyo patroni amekosa kilo 120 hivi. Atazifidia polepole. Mfugaji je? Ng'ombe hasomi ujumbe wa simu. Asubuhi atakamuliwa tu. Mama aliyeshuka kilima na bidoni mbili akarudishwa na moja, maziwa yake yaliganda kabla ya saa sita mchana, maana kule juu hana mtambo wa baridi. Zile zilikuwa pesa za shule na za sabuni. Na wiki ijayo, mchuuzi akipita na bei ya chini, atamuuzia huyo, kwa kuwa ninyi mlimkataa bila sababu aliyoielewa.

Mahali pa kuulizia

Fundi cherehani hukata karatasi kwanza, kitambaa baadaye. Programu nyingi za kupanga uzalishaji zina mahali pa kutengeneza nakala ya mpango mzima: akiba, oda, wafugaji, safari, yote. Humo ndimo mwa kufungia barabara, kukausha maziwa, kupandisha bei ya chumvi. Kama yako haina, nakili hifadhidata yote chini ya jina jingine.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa vijana huteleza. Nakala hubeba na namba za simu za watu. Ukiipanga upya bila kuzima ujumbe, itawaandikia wafugaji kama ule mpango halisi. Zima utumaji kwanza, kisha badala ya namba zao weka yako, halafu jaribu: simu ikilia, ilie mfukoni mwako. Ipe nakala jina lenye neno JARIBIO na tarehe, na ukiweza badilisha rangi ya ukurasa, ili hata ukiitwa nje ukarudi umechoka ujue uko wapi.

Ukipata jibu zuri, usifunike mpango wa leo kwa nakala ya juzi. Tangu juzi maziwa yameingia, jibini limetoka, mtu amelipwa; yote hayo utayafuta. Andika uamuzi kwenye karatasi, patroni aukubali, kisha uuingize kwa mkono katika mpango halisi.

Swali lenyewe lilikuwa na kasoro

Usikasirike. Uliiuliza programu: barabara ikifungwa, nini kitatokea? Ikaangalia ghala, ikaona litajaa, ikakata maziwa. Kwa hesabu yake imesema kweli, kwa kuwa umeiambia kwamba rafu hazitaongezeka. Hukuiuliza: je, tukiongeza rafu na chumvi? Jibini si maziwa. Likitunzwa vizuri, likigeuzwa na kufutwa, laweza kungoja wiki kadhaa, na baridi ya milima yetu inasaidia. Huenda jibu la barabara kufungwa siku kumi ni mbao na seremala, bila kumrudisha mfugaji hata mmoja. Programu haiwezi kukushauri njia ambayo hukuiwekea.

Halafu, ulifunga barabara peke yake. Kubadilisha kitu kimoja kimoja ni vizuri kwa kuanza, maana unaona kipi kimesababisha nini. Lakini kumbuka Januari 2025. Sake ilitekwa, tarehe 27 waasi wa M23 wakaingia Goma, uwanja wa ndege ukafungwa, benki nazo zikafunga milango. Mwenye mzigo hakukosa njia tu, alikosa na pesa taslimu ya kumlipa mfugaji. Na Walikale, Machi mwaka ule ule, mgodi wa bati wa Bisie, mali ya kampuni ya Alphamin, wenye wahandisi na mitambo mingi kuliko sisi sote, ulisimamisha kazi tarehe 13 vita vilipokaribia, ukaanza tena Aprili. Kwetu shida hutembea kwa kundi. Kwa hiyo, baada ya jaribio la barabara na lile la rafu, tengeneza na la tatu: barabara imefungwa, pesa hakuna, dawa ya kugandishia maziwa imebaki ya siku tano. Hilo litakutisha. Litazame hivyo hivyo, na patroni awe amekaa kando yako.

Bariera

Hili hukuniuliza, lakini sitakuacha uende bila kulisikia. Kompyuta yako hupita kwenye bariera, vile vizuizi vya barabarani. Usiandike katika majaribio yako nani anashika njia ipi, wala anadai franka ngapi. Andika "Njia ya 1 imefungwa", "Njia ya 2 gharama imepanda". Hesabu ni ile ile. Lakini mwenye bunduki akiifungua, atasoma maziwa na chumvi tu. Nilimfahamu kijana aliyelala kizuizini kwa sababu ya ramani aliyojichorea mwenyewe.

Patroni

Tumefika mahali unapopakimbia. Unayo njia ya kunyamaza. Daftari litarudi, programu itafungiwa kabatini, na wewe utabaki na kazi. Lakini daftari halitakuambia kitu kuhusu siku kumi za Sake, na zikija kweli, wafugaji wote watarudishwa, safari hii bila hata ujumbe. Tena ujumbe ule una saa yake na jina la aliyepanga. Akija fundi kutoka Goma kukagua, atamwonyesha patroni kwa dakika moja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Patroni anaweza kumsamehe mtu aliyesahau. Aliyemwacha alaumu mashine huku anajua, sijui.

Nenda kesho, kabla maziwa hayajaanza kuingia. Usianze na habari za kompyuta. Sema: "Patroni, si mashine, ni mimi. Nilijaribu jambo kwenye mpango halisi." Kisha mwonyeshe nakala, na namba yako ilipowekwa badala ya za wafugaji. Anaweza kukukata mshahara. Anaweza hata kukusimamisha. Sitakudanganya kwamba haiwezekani. Mwombe jambo moja tu: kuanzia sasa ujumbe wowote wa kupunguza maziwa usitoke mpaka yeye aukubali kwa mkono wake.

Baada ya hapo pandeni wote wawili kwa wafugaji, msitume mtu. Chukua orodha ya siku zile tatu, kila jina na lita alizorudishwa nazo. Kulipa zote pengine hamtaweza. Basi anzeni na wenye ng'ombe mmoja au wawili, na mwambieni kila mmoja siku atakayolipwa.