Gari Likijiendesha, Wa Kuulizwa Ni Nani?

Kuendesha gari ni kazi tatu zinazofuatana bila kukoma: kuona barabara, kuamua, kisha kugeuza usukani au kukanyaga breki. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 ulimwekea mtu mmoja zote tatu, kwani kifungu cha 8 kilitaka kila gari linalotembea liwe na dereva. Ajali ikitokea, wa kuulizwa alijulikana.

Siku hizi kamera na rada zaweza kuona, kompyuta ikaamua, mota zikageuza usukani. Mashine ikifanya yote, au mtu akifanya yote, sheria haipati tabu sana. Tabu iko wakati wa kupokezana.

Kanuni ya 157 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika Januari 2021, iliruhusu kompyuta kuendesha gari kwenye barabara kuu zisizo na waenda kwa miguu, kwa mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa. Baadaye kikomo kikapandishwa hadi 130. Mfumo ukielemewa humwita mtu ashike usukani, na kwa kawaida humsubiri angalau sekunde 10 kabla ya kuanza kulisimamisha gari wenyewe.

Tupige hesabu. Kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo ndani ya sekunde 10 gari limekwenda mita 167. Kwa mwendo wa 130, ni mita 361. Umbali huo wote mashine haina budi kuendelea kuendesha, kwa sababu macho ya mtu hurudi barabarani upesi, lakini akili huchelewa kutambua nani yuko wapi na anaelekea wapi.

Machi 2018, huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la kujiendesha la kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akisukuma baiskeli. Kampuni haikushtakiwa kwa jinai. Aliyeshtakiwa ni msimamizi aliyekaa nyuma ya usukani, na mwaka 2023 akakiri kosa. Kumwachia mtu lawama yote ya kazi ambayo mashine ilikuwa ikiifanya kwa sehemu kubwa ni kuiacha nusu ya chanzo bila kuguswa.

Ndiyo maana naiona sheria ya Uingereza ya mwaka 2024 kuwa imepiga hatua. Mfumo ulioidhinishwa ukiwa unaendesha, aliyekaa kwenye kiti hashtakiwi kwa namna gari lilivyoendeshwa. Kampuni iliyoombea mfumo huo idhini ndiyo inayowajibika. Mtu aliyekaa kwenye kiti akiitwa, hupewa muda wa kupokea usukani, na muda ukiisha dhima humrudia. Muda huo sheria haikuutajia sekunde: hupangwa mfumo unapoidhinishwa.