Mbwa naye ana gunia lake

Mahindi yameanza kuingia ndani. Kuanzia Mbozi hadi Njombe na Songea watu wanapukuchua, wanapepeta na kupanga magunia, na kama kila mwaka majira haya, swali linalonifikia zaidi ni la sumu ya panya: ipi ni kali, inawekwa wapi, inachanganywa na nini. Mimi huomba kwanza nionyeshwe gunia lililochanika. Mara nyingi aliyelichana si panya.

Panya hutoboa tundu dogo la mviringo, aghalabu upande uliogusana na ukuta, na huacha mavi meusi madogo pamoja na ungaunga wa punje alizotafuna. Mbwa hana subira hiyo. Hushika kona ya gunia kwa meno, pale mshono unapoishia, akavuta. Utakuta mpasuko mrefu, nyuzi za sandarusi zinaning'inia, pumba zimelowa mate zikashikana mabonge, na kesho yake uani kuna kinyesi chenye punje nzima nzima za mahindi, kwa kuwa punje ngumu humpita mbwa bila kusagika. Ukiona hayo, tafuta alipopitia. Mara nyingi ni chini ya mlango, mahali mchwa walipokula ubao, au ni mlango wenyewe ulioachwa wazi mchana kutwa ili stoo ipate hewa.

Anayemsingizia panya hununua sumu, akaichanganya na dagaa waliosagwa ili inukie, akaitega nyuma ya magunia. Usiku ule ule anayeila ni mbwa. Hivyo ndivyo kaya nyingi zinavyopoteza mlinzi wao katikati ya msimu wa wizi wa mahindi, kisha lawama ikamwendea jirani.

Kinachomvuta mbwa ghalani kwa kawaida si mahindi. Ni pumba mpya, mashudu ya alizeti, chakula cha kuku na, zaidi ya vyote, kiroba cha dagaa wa kuchanganyia chakula cha kuku. Stoo zetu nyingi ni za kila kitu: mahindi ya chakula, mahindi ya kuuza, mbegu zilizobaki, pampu ya dawa, mashudu ya ng'ombe, vyote chumba kimoja. Mbwa akishaonja mara moja akafanikiwa, atarudi kila akipata nafasi. Kumpiga asubuhi kwa alichokula usiku hakumfundishi lolote, maana hawezi kuunganisha fimbo ya saa moja na pumba za saa nane.

Na akila, hali kwa kiasi. Wenye mbwa aina ya Labrador wana kisingizio: mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kuwa karibu robo ya mbwa wa aina hiyo waliowapima walikuwa na kasoro katika jeni iitwayo POMC, inayohusika na kuuambia mwili kwamba umeshiba. Wa kwetu wa kienyeji sidhani kama ana kasoro yoyote. Ana njaa. Watu wako shambani tangu alfajiri, jioni wamechoka, anayekumbuka kumwekea mbwa chochote ni mtoto, naye humwekea masalia ya sufuria. Mnyama aliyelala na njaa siku tatu akikutana na debe la pumba, atakula mpaka miguu imshinde.

Sasa tumbo lenyewe. Pumba kavu na chakula cha kuku hufyonza maji na kuvimba. Mbwa aliyevila kilo nzima hupata kiu, hunywa kwa pupa, na mzigo ule huongezeka akiwa tayari amejaa. Akitapika mara moja mbili, akalala ubavu, akajamba na kuharisha kidogo, mara nyingi itapita. Mwondolee chakula siku hiyo, mpe maji kidogo kidogo, mfunge mahali penye kivuli asikimbiekimbie, na mtazame kila baada ya muda mfupi.

Hatari ni hii nyingine: tumbo limekaza kama ngoma nyuma ya mbavu, mbwa hatulii, anasimama na kulala, anatoa mate mengi, anajikamua kutapika lakini hakitoki kitu. Hapo gesi imejaa, na huenda mfuko wa tumbo umejipinda, ukafunga njia ya juu na ya chini. Damu hukosa kupita vizuri, fizi hupauka, na mbwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kama German Shepherd na machotara wake, ndio hupatwa zaidi, ingawa wengine hawana kinga. Hakuna dawa ya nyumbani kwa hali hii. Daktari wa mifugo atajaribu kupitisha mpira kooni au kutoa gesi kwa sindano, na tumbo likiwa limejipinda ni upasuaji. Mpigie simu kabla hujamtafutia mbwa bodaboda, ili ujue kama yupo na ana vifaa.

Naomba hapa nisisitize, kwa sababu huruma ya wenye mbwa ndiyo humalizia kazi. Usimnyweshe mafuta ya kula. Yakiingia mapafuni umemwongezea ugonjwa wa pili. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi ni sumu kwa mbwa. Maziwa, majivu na mayai mabichi havina la kufanya kwenye tumbo lililojipinda. Na mbwa anayetokwa mate huku akishindwa kumeza usimtie mkono kinywani kutafuta mfupa, hasa kama hajachanjwa, kwa kuwa kichaa cha mbwa nacho huweza kuonekana hivyo.

Wale wanaopika pombe ya kienyeji wana tahadhari yao. Kimea kilicholowekwa na machicha yanayoendelea kuchacha humfanya mbwa apepesuke, na watu hucheka kwamba mbwa kalewa. Amelewa kweli, na tumbo bado linatengeneza gesi na kileo. Unga wa mandazi uliotiwa hamira ni hivyo hivyo. Huyo naye ni wa daktari.

Kwenye stoo kuna sumu za aina tatu ambazo mbwa mlafi huzifikia. Ya kwanza ni ya panya. Ile ya unga wa kijivu hadi mweusi, zinki fosfaidi, ikikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya fosfini, gesi ile ile ya vidonge vya kufukizia nafaka. Usimpe mbwa huyo chakula, kwa sababu chakula huamsha asidi zaidi, na akitapika kaa upande upepo unakotoka, usiiname kunusa. Ile ya vipande vya rangi, kijani, buluu au waridi, huzuia damu kuganda. Mbwa huonekana mzima siku mbili tatu, kisha anaanza kutokwa damu puani au kwenye kinyesi. Hiyo ina dawa, vitamini K, mradi umfikishe mapema na uende na pakiti mkononi. Pakiti ni nusu ya matibabu.

Ya pili ni viuatilifu vya kuhifadhia nafaka na mbegu zilizopakwa dawa. Punje iliyochanganywa na dawa ya unga kwa kipimo kilichoandikwa haimtishi mbwa kama pakiti iliyofunguliwa ikaachwa sakafuni. Mbwa anayetokwa mate na machozi, anayeharisha na kutetemeka misuli baada ya kuingia stoo, mwahishe. Mbegu chotara zilizobaki na rangi yake ya dawa zisikae kiroba kimoja na chochote kinacholiwa. Kwa ndugu zetu wa Simiyu na Shinyanga naongeza mashudu ya pamba: yana gosipoli, ambayo ng'ombe mkubwa huivumilia kwa kiasi lakini mbwa akiila siku nyingi mfululizo humharibia moyo.

Ya tatu tunaitengeneza wenyewe. Wakati wa kuchambua, mahindi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au kuliwa na wadudu hutupwa rundo moja pembeni, na mtu husema, hayo ya mbwa na kuku. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, ile iliyoua watu 125 Makueni, Kitui na maeneo jirani ya mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na iliyotufikia sisi Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi zaidi. Ini lake huharibika: anakataa chakula, anatapika, macho na fizi vinakuwa vya manjano, kinyesi kinakuwa cheusi. Kumpikia hakusaidii, maana moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Ukimpa ng'ombe, sehemu yake hutokea kwenye maziwa utakayomnywesha mwanao. Rundo hilo lichomwe au lifukiwe siku hiyo hiyo, mbali na kisima, kabla giza halijaingia na mbwa hajaanza zamu yake.

Kuhusu stoo yenyewe sitakuwa na mengi. Chakula cha mifugo kitoke kwenye chumba cha nafaka, na kama chumba ni kimoja, kiingie kwenye pipa lenye mfuniko unaobana. Dagaa waning'inizwe darini. Sumu na viuatilifu vikae kwenye sanduku la kufuli. Ubao wa chini ya mlango upigiwe kipande cha bati, na kwa ajili ya hewa weka wavu wa chuma dirishani badala ya kuacha mlango wazi. Wenye kihenge cha miguu mirefu hawana shida hii, mradi ngazi iondolewe.

Ila mifuko isiyopitisha hewa, ya PICS na mingine ya namna hiyo, inastahili neno zaidi. Nguvu yake yote iko kwenye nailoni mbili za ndani: wadudu waliomo huimaliza oksijeni, kisha hufa. Jino moja la mbwa likipenya, hewa inaingia, na dumuzi, huyu aliyegunduliwa kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na wakulima wakambatiza jina la Scania kwa uharibifu wake, anapata nafasi. Usiushone mfuko wa nje ukadhani umemaliza. Mimina mahindi yote juu ya turubai, ondoa yaliyolowa mate na uchafu, maana kinyesi cha mbwa hubeba mayai ya minyoo, ikiwemo tegu anayewafanyia binadamu uvimbe wa maji kwenye ini. Anika kama yamepata unyevu, kisha hamishia kwenye nailoni mpya. Yenye tundu itakufaa kuwekea pumba.

Limebaki la mbwa mwenyewe. Tunapopiga hesabu ya chakula cha kaya, magunia mangapi ya kula na mangapi ya kuuza, tunahesabu watu, kuku, hata wageni wa Krismasi. Mbwa hayumo. Sasa chukua mbwa wa kawaida wa kilo 15 hivi: robo kilo ya unga wa mahindi kwa siku, ikapikwa ugali na konzi ya dagaa, inamtosha. Kwa mwaka ni kilo 91. Hilo ni gunia la kilo 100 pungufu kidogo, na wakulima niliowapigia hesabu hii hushtuka. Lakini gunia hilo analila hata sasa, kwa kuiba, pamoja na mengine anayoyachana bila kuyamaliza. Afadhali ulitenge mapema, uandike juu yake, lipangwe juu ya chaga kama mengine, tena liwe la mahindi safi.

Mlo ugawe mara mbili, asubuhi kidogo na jioni zaidi, saa ile ile kila siku, kabla hajaanza kulinda. Wakiwa wawili, kila mmoja na bakuli lake, mbali na mwenzake, la sivyo watakula kwa mashindano na tumbo litajaa upepo. Mpe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, kwani mwenye minyoo hashibi hata umpe sufuria nzima. Na kama bwana mifugo wa kata bado hajatangaza siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, mwulizeni sasa. Wengi huipanga kuelekea Septemba 28, siku ya kimataifa ya ugonjwa huo, na ikifika wakati huo nusu ya kijiji huwa wameshaanza kuandaa mashamba.