Duka likihamisha programu ya malipo, usikubali kulipa mara mbili

Jumamosi moja tulikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Nyamasaria, kando ya barabara ya Nairobi. Mzee mmoja alikuwa amelipia mifuko minne ya simiti kwa simu. Meseji yake imefika, salio limepungua, lakini kompyuta ya kaunta iko kimya.

"Mzee, kwangu haijaingia. Lipa tena, ile ya kwanza ikija tutakurudishia," dada wa kaunta akamwambia.

"Nyathina, pesa imetoka. Soma mwenyewe," mzee akajibu, akamwekea simu mbele yake.

Mzee alikuwa na haki. Pesa ilikuwa imeingia kwenye akaunti ya duka dakika ileile. Kilichopotea ni habari ya pesa, ikiwa njiani kutoka programu moja kwenda nyingine ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Duka lilikuwa limeanza kuhama kutoka mfumo wa zamani, na sisi ndio tulioitwa kusaidia. Kwa kuwa wengi wenu mnauza au mnanunua kwenye maduka kama hili, acha tulieleze polepole.

Kaunta hiyo inaendeshwa na programu mbili. Ya kwanza inapokea habari za malipo. Ya pili inatoa risiti na kupunguza hesabu ya bidhaa stoo. Lazima ziongee. Kwa miaka mingi ziliongea hivi: modemu yenye laini ya simu imechomekwa kwenye kompyuta, programu ya kwanza inasoma meseji ya malipo na kuandika mstari kwenye faili, halafu ya pili inachungulia faili hiyo kila baada ya sekunde chache. Hatuidharau njia hii, imelisha familia nyingi. Lakini maneno ya meseji yakibadilika kidogo tu, programu inachanganyikiwa, na stima ikipotea katikati ya kuandika, mstari unabaki nusu.

Upande wa mtandao wa simu nao haukusimama. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na seva zake zilikuwa Ujerumani hadi 2015 zilipohamishiwa Kenya. Mwaka 2017 Safaricom ikafungua Daraja, ambayo mafundi hutumia kuunganisha programu za biashara na M-Pesa kupitia intaneti. Kwa hiyo modemu ya kusoma meseji si lazima tena.

Ndani ya duka, fundi aliondoa ile faili na kutumia maktaba mpya ya mawasiliano, yaani kodi iliyokwisha kuandikwa na wengine ambayo unaiunga tu kwenye programu yako. Sasa kila habari ya malipo inawekwa kwenye foleni. Programu ya kaunta inaichukua, inaifanyia kazi, kisha inajibu "nimepokea". Isipojibu, habari haitupwi, inaletwa tena. Stima ikipotea na kurudi, foleni iliyohifadhiwa kwenye diski inaendelea pale ilipoachia.

Basi kwa nini mzee alikwama? Fundi alihamisha programu ya kupokea Ijumaa jioni, akaacha ya kaunta ikichungulia faili ya zamani. Mtangazaji amehamia stesheni nyingine, msikilizaji bado yuko kwa ile ya kwanza. Kosa la kitoto, lakini tumeliona zaidi ya mara moja.

Kosa la Jumatatu ndilo lililotutia wasiwasi zaidi. Programu zote mbili zilikuwa zimeshahamishwa, lakini malipo ya mteja mmoja yakatokea mara mbili kwenye skrini. Karatasi ya risiti ilikuwa imeisha, programu ya kaunta ikakwama ikisubiri printa, haikujibu "nimepokea", na foleni ikaleta habari ileile tena. Foleni haikukosea, ndivyo inavyotakiwa kufanya. Shida ni kwamba programu ya zamani iliandikwa na mtu aliyeamini kila mstari ni malipo mapya. Kama dada wa kaunta hangeshtuka, mabati yangetoka mara mbili kwa malipo ya mara moja, na hasara hiyo huenda ingekatwa kwenye mshahara wake.

Dawa ni kodi ya muamala, zile herufi na tarakimu 10 zilizo mwanzoni mwa meseji ya M-Pesa. Kila muamala una yake. Programu ihifadhi kodi hiyo pamoja na mauzo, ijibu "nimepokea", ndipo ichapishe risiti. Kodi ileile ikirudi, ikataliwe kimya kimya. Usitambue malipo kwa kiasi, maana watu wawili wanaweza kununua mfuko mmoja mmoja kwa bei ileile. Wala usitegemee namba ya simu, kwa sababu siku hizi habari inayofika kwa biashara huja namba ya mteja ikiwa imefichwa.

Wewe mwenye duka, mwambie fundi wako aache njia zote mbili zikienda sambamba kwa wiki moja, ya zamani ikirekodi tu bila kutoa risiti. Jioni linganisha kodi moja moja na taarifa ya akaunti. Jumla pekee inaweza kukudanganya. Usihame mwisho wa mwezi. Na kabla ya kuhama jaribuni kwa shilingi 10, mkichomoa intaneti katikati makusudi.

Wewe mnunuzi, meseji uliyotumiwa na M-Pesa ndiyo ushahidi wako. Usiifute kabla hujabeba mzigo. Ukiambiwa ulipe tena, omba kwa upole watafute kodi yako kwenye taarifa ya akaunti ya duka. Na mtu akikupigia akisema "tunahamisha mfumo, tupe PIN yako", kata simu. M-Pesa yenyewe ilihama kutoka Ujerumani bila kumuuliza mtu PIN.

Simiti ya mzee ilipakiwa kwenye mkokoteni baada ya kodi yake kuonekana kwenye taarifa. Alisubiri karibu nusu saa, na hakufurahi. Modemu ya zamani bado imechomekwa pale kaunta. Tumekubaliana na mwenye duka itolewe wiki ikiisha bila tofauti hata moja.