Toka kwa ubavu, wimbi likirudi

Mwandaaji mmoja wa hapa Butembo, mashariki ya Kongo, siku ya konseri yake ya mwisho wa mwaka, alifunga lango la pili la uwanja kwa mnyororo na kufuli ili wasio na tiketi wasipenye. Ninaandika nikiwa bado na hasira naye. Ninaandika pia kwa furaha, maana siku hiyo mimi, mdogo wangu na msichana tusiyemjua tulitoka mbele ya jukwaa tukiwa wazima, na ninajua hasa tulitokaje. Marafiki wameniomba nieleze kwa hatua, nami nitajaribu.

Hatua ya kwanza ni kuitazama ardhi kabla ya kulitazama jukwaa. Mengine mnayajua: kula kabla ya kwenda, kunywa maji, kuweka pesa mfuko wa ndani, kuaga nyumbani. Viatu viwe vya kamba. Kandambili ziacheni mlangoni, na vile vya raba vinavyong'aa vinavyopangwa kando ya barabara msivinunue hata mkipunguziwa bei. Soli inaachama kwa mvua ya kwanza. Mtumba mzuri uliovaliwa na mtu mwingine miaka miwili utawafaa zaidi. Simu ninayoipenda kwa siku kama hiyo ni itel ndogo ya vitufe, yenye tochi. Betri yake inakaa, na haikushawishi kuinua mikono juu kupiga picha wakati mikono inatakiwa iwe kifuani.

Turudi kwenye ardhi. Butembo ni mji wa vilima, na uwanja ule, ambao ni wa shule, una ukuta wa matofali pande tatu na unateremka kuelekea upande walikosimika jukwaa. Maana yake ni kwamba anayesukumwa huko juu anakuja na uzito wake wote kwa aliye chini, hata kama hakukusudia. Lango lililobaki wazi lilikuwa juu, la upana wa gari moja. Lile la mnyororo lilikuwa chini, karibu na jukwaa, mahali ambapo watu wangelihitaji. Nilimuuliza kijana wa protokole aliyesimama hapo, kwa heshima kabisa: "Kaka, hili litafunguliwa saa ngapi?" Akanijibu: "Mama, angalia konseri, mambo ya lango tuachie sisi." Ufunguo, nilikuja kujua baadaye, alikuwa nao mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa juu mlangoni akikata tiketi.

Tukachagua kusimama pembeni, usawa wa meza ya sono, yaani ya vyombo vya sauti. Mimi ni mfupi. Mtu mrefu akibanwa kifua chake kiko hewani; mimi kifua changu kiko usawa wa viwiko vya watu, kwa hiyo mahali pa kusimama si jambo dogo kwangu. Mdogo wangu, ambaye anakariri mistari ya marapa wetu kuliko masomo yake, alinung'unika, lakini alikaa.

Rap ilipoanza, vijana wa katikati walifungua duara. Mnalijua: wanarudi nyuma wote, wanaacha tundu, halafu muziki ukilipuka wanarukiana mabega kwa mabega. Mama aliyekuwa kando yangu alishika kichwa akisema watauana. Mimi sikuogopa duara, na nataka kulitetea hapa. Nililiangalia kwa makini: kila aliyeanguka aliinuliwa na mikono mitatu minne kabla wimbo haujafika kiitikio. Ndani ya duara kuna nafasi, na nafasi ndiyo inayookoa. Anayetaka kuingia humo ajue sheria hiyo moja, kwamba mtu akianguka kila kitu kinasimama mpaka ainuke, na asiingie na miwani wala hereni. Basi.

Hatari ilikuja na mvua. Huko juu hakukuwa na mahali popote pa kujikinga. Turubai pekee lilikuwa lile la jukwaa, lililotokeza mbele kidogo. Watu wa mlangoni, waliolipa kama sisi na waliovaa nguo zao za sikukuu, wakateremka kulikimbilia. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Sisi tuliokuwa pembeni tukajikuta katikati, na dakika chache baadaye tukajikuta mbele, miguu ikiteleza kwenye udongo mwekundu.

Kipimo changu cha kujua kwamba mambo yameharibika ni hiki: jaribu kugusa uso wako. Ukiweza kuinua mkono hadi usoni bila kumsugua jirani, bado una wakati wa kuondoka kwa miguu yako na kwa adabu. Ukishindwa, umechelewa kuondoka kwa adabu. Wanaochunguza mambo haya wanasema watu wakifika sita au saba katika mita moja ya mraba, umati unaacha kuwa watu wanaotembea. Unakwenda kama maji, na mtu mmoja hana tena uamuzi wa mguu wake. Nililiona hilo kwa macho. Bega langu la kushoto lilikuwa kwenye mgongo wa baba mmoja, na baba huyo alikuwa akiniomba msamaha mfululizo, "samahani mama, samahani mama," bila uwezo wa kusogea hata kidole.

Hapo ndipo nilipomsikia papa mmoja wa Msalaba Mwekundu. Alikuwa amepanda kwenye vyuma vya jukwaa, koti lake limelowa, akipiga kelele juu ya muziki: "Musishindane nayo! Mungojee irudi!"

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikahisi. Msukumo hauji mfululizo. Unakuja, unakubana mbavu, unatulia kidogo, halafu unarudi nyuma kabla ya kuja tena. Wengi wetu tulikuwa tukipigana nao unapokuja, wakati ambapo huwezi kushinda, na kupumzika unaporudi, wakati pekee ambapo mlango uko wazi.

Kwa hiyo fanya hivi. Mikono ipande kifuani kama bondia, mkono mmoja ushike kigasha cha mwingine, na uache nafasi ya kiganja kati ya mikono na mbavu. Nafasi hiyo ndiyo pumzi yako, usimpe mtu. Mguu mmoja uwe mbele kidogo. Msukumo ukija, nenda nao, hata kama unakupeleka usikotaka, na usipige kelele, maana hewa unayoitoa kwa kupiga kelele kifua kilichobanwa hakiwezi kuirudisha. Msukumo ukilegea, vuta pumzi kubwa. Nao ukianza kurudi nyuma, hapo hapo piga hatua moja ya ubavu, ya mshazari, kando na nyuma kidogo. Moja tu. Kisha simama imara, ungojee tena. Usijaribu kurudi moja kwa moja nyuma, kwa sababu walio nyuma hawakuoni na wao ndio wanaosukumwa zaidi. Usiende mbele kutafuta jukwaa. Usiende ukutani: ukuta hausogei, na anayebanwa kati ya watu na ukuta hana wimbi la kurudi nalo.

Msichana yule alikuwa mbele yangu, kiatu kimoja kimekwenda, analia kwa sauti. Nikamwambia sikioni, "Dada, lia kimya, hewa hiyo utaihitaji." Nikamgeuza ubavu, mikono yake nikaipandisha kifuani. Mdogo wangu akawa nyuma yetu, mgongo wake ukitukinga. Wimbi likija tukaenda nalo. Likirudi nikasema "sasa", tukapiga hatua. Likija. Sasa. Mdogo wangu alianza kuhesabu mapigo kati ya wimbi na wimbi, kama anavyohesabu akirap, na hesabu yake ikawa inatuambia kabla miguu haijajua. Tulipofika ubavuni mwa jukwaa, pale ambapo nyaya za sono zinapita, papa yule alimshika msichana kwapani akamvuta juu, kisha mimi. Wa tatu hakuhitaji kuvutwa. Alipanda mwenyewe akaanza kuwavuta wengine.

Baadaye nilifurahi sana kusoma kwamba wimbi hilo si ndoto yangu. Denis Bartolo na wenzake wa École normale supérieure ya Lyon walirekodi umati wa sikukuu ya San Fermín kule Pamplona, Hispania, na Februari 2025 wakaandika katika jarida la Nature kwamba umati ukizidi watu wanne hivi kwa mita ya mraba huanza kuyumba wenyewe, wote pamoja, kwa mwendo wa mzunguko. Pale Pamplona kila mzunguko ulichukua karibu sekunde 18. Hakuna anayeuanzisha. Waliukuta pia katika picha za tamasha la Love Parade la Duisburg, Ujerumani, mwaka 2010, ambapo watu 21 walikufa. Anayesoma Kifaransa amtafute Mehdi Moussaïd na kitabu chake Fouloscopie cha 2019. Ndiye anayeeleza vizuri kuliko wote kwa mtu wa kawaida.

Ndiyo maana ninaumia nikisikia redioni kwamba watu "walikanyagana kwa fujo". Tarehe 29 Oktoba 2022, kwenye konseri ya Fally Ipupa katika uwanja wa Stade des Martyrs, Kinshasa, watu 11 walikufa, wawili wao polisi. Uwanja ule unachukua watu 80,000 na waliingia wengi kuliko hao. Usiku huo huo Itaewon, Seoul, watu zaidi ya 150 walipoteza maisha katika kichochoro kinachoteremka. Julai 2024 watu wakafa tena Stade des Martyrs, safari hii kwenye konseri ya injili ya Mike Kalambayi. Watu wa injili nao wana fujo? Mmarekani John Fruin aliandika tangu 1993 kwamba baada ya maafa ya namna hii vyuma vya kuzuia hukutwa vimepinda kwa nguvu inayozidi nyutoni 4,500. Hakuna kifua kinachohimili hiyo. Wengi hufa wakiwa wamesimama, kwa kukosa pumzi, na anayewasukuma yuko mbali huko nyuma, hajui lolote, anasogea tu kwa sababu na yeye anasogezwa. Kwenye tamasha la Roskilde, Denmark, mwaka 2000, kilichoongezeka ni tope: tisa walikufa mbele ya jukwaa la Pearl Jam, wengine wakiwa wameteleza. Sisi wa Butembo, wenye udongo huu na mvua hii, tungepaswa kuijua habari hiyo kwa moyo.

Sehemu ya pili inahusu mji wa Beni, na hapa ushauri wa Butembo hautoshi. Beni konseri huanza mchana, kwa sababu ya giza na amri za usalama, na watu wanahudhuria masikio yakiwa yamesimama. Tarehe 25 Desemba 2021 mtu wa kujilipua aliua watu kwenye mkahawa wa In Box wakisherehekea Noeli. Tangu hapo mlio wowote ni bomu mpaka ithibitike vingine. Nilikuwa Beni siku jenereta ilipolipua moshi nyuma ya jukwaa, pa!, na uwanja mzima ukageuka kulielekea lango kwa pumzi moja. Dada yangu mkubwa, anayeishi Beni miaka yote, hakugeuka. Alinivuta nyuma ya lori la Fuso lililoleta sono, tukakaa kando ya magurudumu. "Kama ni bomu, chuma hiki kinatukinga," alisema. "Kama si bomu, watarudi." Akaongeza kwamba katikati ya umati usilale chini hata ukisikia risasi, isipokuwa nyuma ya kitu kigumu, maana wenzako watapita juu yako bila kukuona.

Na watu wa Beni si watu wa kuchanganyikiwa. Serikali ilipowanyima kura ya 30 Desemba 2018 kwa sababu ya Ebola na usalama, wenyewe walijipanga siku hiyo wakapiga kura yao ya maandamano, mistari mirefu, wakinawa mikono kwanza. Hakukuwa na ukuta, wala lango moja, wala mtu anayeuza nafasi mbili kwa mita ile ile.

Jambo ambalo dada yangu analisisitiza, nami nimelichukua, ni mahali pa kukutana. Kila mtu Beni anasema "tutaonana rond-point Nyamwisi", na siku ya mkasa kila mtu anakwenda huko, pikipiki zote pia, na unakuwa umejipeleka kwenye umati wa pili. Sisi tunakutana kwa mama anayeuza mandazi, ng'ambo ya barabara, upande usio na lango. Anayefika wa kwanza ananunua mandazi, anakaa, na harudi ndani kumtafuta mwenzake, kwa sababu wanaotafutana kwenye lango moja hupishana, na anayerudi ndani ndiye anayekwenda kinyume na watu wote.