Peugeot 504 ya Mzee: Nianzie Wapi?

SWALI: Marehemu baba aliniachia pikapu ya Peugeot 504, ya petroli. Imelala uani miaka mingi. Mimi si fundi, ila nataka kuifufua mwenyewe. Nianze na injini au rangi?

JIBU: Anza na chasi, ndugu yangu. Pikapu hizi, zilizotoka kuanzia 1979, zina springi za bapa nyuma. Chukua bisibisi, gongagonga pale springi zinaposhika chasi. Chuma kikilia, vizuri. Bisibisi ikizama, hapo umepata kazi ya mchomeleaji, na asiwe wa kubahatisha.

Injini usiipige stata kwanza! Toa plagi, tia oili kidogo kwenye kila silinda, iache ilale hadi kesho, kisha izungushe taratibu kwa spana kwenye puli ya mbele. Ikikwama, usiilazimishe. Petroli ya zamani imwage yote, usafishe tangi na kabureta.

Kabla ya kufungua chochote, kipige picha kwa simu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake: weka stendi imara. Breki zikamilike kabla halijatoka uani. Rangi ni ya mwisho kabisa.