Gari Kuukuu Lililoinuliwa: Tulikague Kabla ya Kulipa



Kikundi kimoja cha maziwa kiliniita nikaone gari lake jipya. Lilikuwa pikapu kuukuu ya Land Cruiser, imesimama juu kama ngamia. Muuzaji aliwaambia kwamba kwa kuwa limeinuliwa, halitakwama na litabeba mzigo zaidi. Pesa ilikuwa imeshalipwa. Fundi alipoliinua kwa jeki mpaka magurudumu ya mbele yakaning'inia, tuliona mpira wa breki umekazika kama kamba ya kuanikia nguo. Na gari hilo lilikuwa limebeba maziwa na watu kwenye mteremko ule kwa miezi mitatu! Hakuna aliyesema neno.

Somo la leo ni hili: urefu si nguvu. Gari lililoinuliwa halikuongezewa uwezo wa kubeba, kwa sababu chesisi, ekseli na breki ni zile zile. Kwa hivyo tujue limeinuliwa vipi, halafu tujue pesa yetu ianzie wapi.

1. LIMEINULIWA VIPI?

Kwanza jueni gari lilitoka kiwandani na springi gani. Pikapu za Land Cruiser za 70, zilizoanza mwaka 1984, zilikuwa na springi za majani mbele na nyuma. Mwaka 1999 za mbele zikawa koili, yaani springi za kuzunguka. Land Rover Series III, iliyotengenezwa hadi 1985, ina majani pande zote. One Ten ya mwaka 1983, ambayo baadaye iliitwa Defender, ina koili.

Sasa wekeni gari mahali tambarare. Pimeni kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kwa magurudumu yote manne. Linganisheni na gari la aina hiyo hiyo ambalo halijaguswa. Upande mmoja ukiwa chini, huenda springi imechoka au jani limevunjika. Halafu chukueni tochi mtazame chini. (Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake! Wekeni stendi za chuma.) Mtaona mojawapo ya haya:

(a) Bodi peke yake imeinuliwa. Kuna vipande vya chuma, mpira au plastiki kati ya bodi na chesisi. Chesisi yenyewe haikupanda hata kidogo.

(b) Kuna bloku kati ya ekseli na springi. Nyuma, bloku moja ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo inaweza kuvumilika. Mbele msikubali kamwe. Ukikanyaga breki ekseli hujisokota, bloku inaweza kuchomoka, na dereva akabaki bila usukani. Bloku ya mbao, au mbili zilizopandanishwa, kataeni hata nyuma.

(c) Vyuma vinavyoning'iniza springi kwenye chesisi vimebadilishwa, vimewekwa virefu. Chuma kikiongezwa sentimita 5, gari hupanda kama sentimita 2 na nusu tu. Mbele, pembe ya ekseli hubadilika na gari linaweza kuanza kuyumba barabarani.

(d) Jani limeongezwa. Mtalitambua kwa rangi au kutu tofauti na wenzake. Gari tupu litarusharusha watu.

(e) Springi zote ni mpya, zimepindwa zaidi, au koili ni ndefu zaidi. Hii ndiyo njia nzuri, lakini iwe imefuatiwa na kazi nyingine nitakazotaja.

2. KUINUA KUNALETA NINI?

Faida ipo. Chesisi haigongi mawe upesi, na tairi kubwa hupata nafasi. Lakini angalieni difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli. Springi ndefu haziliinui hata kidogo. Ni tairi peke yake linaloliinua: tairi likiwa refu zaidi kwa sentimita 6, difu hupanda sentimita 3.

Hasara nayo ipo. Chukueni kigoda na stuli ndefu yenye miguu iliyokaribiana. Visukumeni kwa kidole kimoja. Ipi inaanguka upesi? Gari nalo ni hivyo hivyo. Mkiweka watu wamesimama nyuma, ile stuli mmeirefusha tena.

3. PESA IANZIE WAPI?

Fuateni utaratibu huu, msiruke hatua:

Kwanza, kabla ya kufikiria urefu, tengenezeni breki, tairi, bushi na usukani.

Pili, ondoeni bloku za mbele na vyuma virefu. Nunueni springi seti nzima, zinazolingana na mzigo mnaobeba kila siku. Kuinua kwa sentimita 5 kunatosha njia zetu nyingi.

Tatu, wekeni yu-bolti mpya, msirudishe zilizotumika. Baada ya kilomita 500 fundi azikaze tena.

Nne, shokomzoba ziwe na urefu unaolingana na springi. Zikiwa fupi, zitang'oa mahali zilipofungwa.

Tano, magurudumu yakiwa yananing'inia, mipira ya breki ibaki imelegea. Toyota nyingi za mizigo zina valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa kijiti. Gari likiinuliwa, valvu hiyo hudhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma. Fundi airekebishe.

Sita, sikilizeni propela. Ikitetemeka au kulia baada ya kazi, pembe yake imeharibika. Kwenye Land Rover za koili, mwambieni fundi akague pia kama ekseli imesogea upande.

Mkiweka tairi kubwa, kumbukeni spidi itasomeka chini kuliko mwendo wenyewe.

Kikundi kile kilikuwa kimeweka akiba ya tairi kubwa. Mweka hazina, mama mmoja mpole, alisimama akauliza: "Tairi zitatusaidia nini kama hatuwezi kusimama?" Pesa ikaenda kwa breki na springi. Gari likashuka kidogo, na vijana wakalalamika kwamba halina sura tena. Maziwa yanafika, na wanaoyapeleka wanarudi nyumbani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nani kati yetu atakwenda na fundi kukagua gari kabla ya kulipa? Fundi huyo ni wetu au ni wa muuzaji?

2. Mzigo wetu wa kila siku ni kilo ngapi? Tumeshaupima au tunakisia?

3. Tumekubaliana nini kuhusu kubeba watu juu ya mzigo? Na dereva akikataa, tutamuunga mkono?