KUFUNGA KULA NA INI LENYE MAFUTA

Kuna swali ambalo Wakristo wengi wanaliuliza siku hizi: je, kufunga kwa saa maalumu huponya ini lenye mafuta?

Ini ni ghala la mwili. Tukila, sukari huwekwa humo, kiasi cha gramu 100 hivi, na inayozidi huweza kugeuzwa kuwa mafuta. Mafuta yakipita asilimia 5 ya ini, ugonjwa umeanza, ingawa mara nyingi mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Wala tusidhani ni ugonjwa wa walevi tu. Soda, chai yenye sukari nyingi na sahani ya wali iliyojaa kama kichuguu vyaweza kulijaza mafuta ini la mtu ambaye hajaonja pombe maisha yake yote. Likiachwa miaka mingi laweza kuota makovu.

Mtu akikaa saa 12 au zaidi bila kula, sukari ya ghalani hupungua na mwili huzidi kutumia mafuta. Kwa hiyo wengine hula ndani ya saa 8 na kujizuia saa 16. Hoja ni nzuri, lakini hoja nzuri nayo yapasa kupimwa. Huko Guangzhou, China, wagonjwa 88 walifuatwa kwa mwaka mzima, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Wote walipunguziwa chakula. Kundi moja lilikula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 alasiri tu. La pili halikuwekewa saa. Mafuta ya ini yalipungua kwa wote, wala wenye saa hawakuwashinda wenzao.

Basi dawa ni kupunguza chakula na uzito. Mtu wa kilo 80 akipunguza kilo 4, mafuta ya ini huanza kupungua. Akifikisha kilo 8, hata makovu yaweza kupata nafuu. Saa humsaidia yule anayeona ni rahisi kufunga mlango wa jiko kuliko kupima kijiko. Lakini anayeshinda njaa, kisha jioni akala sehemu ya watu watatu, amejitesa bure.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asianze kufunga, hata wakati wa Kwaresima, kabla ya kumwona daktari, maana sukari yaweza kushuka hadi akazirai. Na ambaye ini lake limekwisha kukomaa makovu, kukaa na njaa usiku kucha humla misuli. Huyo madaktari humshauri ale kitu kidogo kabla ya kulala.